Matumbawe Ndani ya Kioo

Mwaka 1846 bibi mmoja wa Kiingereza, Anna Thynne, alikuwa Torquay, mji wa pwani ya kusini-magharibi ya Uingereza, na huko akayaona matumbawe madogo yaliyoshikamana na majabali. Hayakuwa matumbawe ya kujenga mwamba kama haya tuyakanyagayo maji yanapotoka. Yalikuwa ya aina ya upweke, yaishiyo katika bahari ya baridi, kila moja limekaa peke yake ndani ya kikombe chake cha chokaa. Yalimvutia, akataka kwenda nayo London. Akayashona kwa sindano na uzi juu ya sifongo ili yasigongane njiani, akayatia katika gudulia lililojaa maji ya bahari, akasafiri nayo mpaka nyumbani kwake Westminster, ambako mumewe alikuwa kasisi wa kanisa kuu.

Hapo ndipo ilipoanza taabu ambayo mpaka leo haijawaisha wafugaji wa matumbawe. Maji ya bahari yakishatengwa na bahari huanza kuharibika: hewa iliyomo huliwa ikaisha, na uchafu wa viumbe hubaki palepale. Bibi Thynne hakuweza kuletewa maji mapya kutoka pwani kila alipoyahitaji. Akaamua kwamba maji yaleyale yatiwe hewa kwa kumiminwa kutoka chombo hiki kwenda kile, mbele ya dirisha lililo wazi, kwa nusu saa au dakika arubaini na tano kila mara. Kazi hiyo ilichosha, naye mwenyewe alikiri hivyo, lakini aliyeifanya alikuwa mtumishi wake, msichana mdogo, ambaye bibi anatuambia kwamba aliiona kama mchezo. Mwaka uliofuata akatia mwani ndani ya vyombo, nao ukasaidia kuirudisha hewa katika maji. Matumbawe yakaishi kiasi cha miaka mitatu, tena yakazaana. Habari zake zikachapishwa mwaka 1859 katika jarida la elimu ya viumbe.

Jina la bibi limehifadhiwa. La msichana halimo katika maelezo. Mimi nadhani anastahili kukumbukwa, walau kwa kazi yake. Pampu zote zinazovuma leo nyuma ya matangi ya kioo, kutoka Tokyo mpaka Chicago, zinafanya jambo lilelile lililofanywa na mikono yake pale dirishani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Kodi ya vioo ilikuwa imeondolewa Uingereza mwaka 1845, kioo kikawa rahisi. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya Regent's Park ilifungua nyumba ya samaki na viumbe vya baharini, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake *The Aquarium*, kilichowafundisha watu wa mijini namna ya kuiweka bahari sebuleni. Gosse aliwapa pia njia ya kuchanganya chumvi mbalimbali na maji matamu ili wapate maji ya bahari bila ya bahari. Kwa sisi tuliozaliwa visiwani ni vigumu kulifikiria jambo hilo bila ya kutabasamu: mtu anunue bahari kwa mizani, kama anunuavyo sukari!

Lakini tabasamu hilo halidumu. Watu walishuka pwani kwa makundi, wakiwa na ndoo na patasi, wakavibandua viumbe katika majabali kwa maelfu. Vingi vilikufa katika muda wa siku chache. Mwanawe Gosse, Edmund, aliandika katika *Father and Son*, kitabu alichokitoa mwaka 1907, kwa uchungu wa mtu aliyeviona vidimbwi vya utotoni mwake vikiwa hai na kisha akaviona vimeporwa. Alijua kwamba vitabu vya baba yake ndivyo vilivyolifungua lango. Mapenzi ya kitu yalikiangamiza kitu.

Tuyarudie matumbawe yenyewe. Ilikuwaje yale ya Torquay yakaishi katika nyumba ya London yenye giza na ukungu, hali matumbawe ya bahari za joto, kwa zaidi ya miaka mia moja baadaye, yalikuwa yakifa kila yalipowekwa ndani ya kioo? Jibu liko katika mwili wa kiumbe chenyewe. Tumbawe la kujenga mwamba haliishi peke yake. Ndani ya nyama yake mna mwani mdogo mno, usioonekana kwa jicho, nao huishi kwa mwanga wa jua. Matumbawe ya Bibi Thynne hayakuwa na mwani huo. Yalikula vijidudu vya majini, na giza halikuyadhuru.

Wataalamu walichukua muda mrefu kuufahamu ubia huu. Mwaka 1928 na 1929 msafara wa Waingereza ulioongozwa na Maurice Yonge ulikaa katika visiwa vya Low Isles, kwenye Mwamba Mkuu wa Australia, na miongoni mwa majaribio yao ni kuyafungia matumbawe katika masanduku yasiyopenya mwanga. Matumbawe yaliutoa mwani wake. Hata hivyo Yonge aliamini kwamba kazi kubwa ya mwani ilikuwa kuondoa uchafu wa mwenyeji wake, si kumlisha. Ndipo mwaka 1958 Leonard Muscatine na Cadet Hand, wakitumia kaboni yenye mnururisho na kiumbe wa jamaa ya matumbawe, walipoonyesha kwamba chakula alichokitengeneza mwani hupita moja kwa moja na kuingia katika nyama ya mwenyeji. Mpangaji ndiye aliyekuwa akipika.

Wafugaji waliojaliwa bahari na jua hawakungoja nadharia. René Catala, Mfaransa, alifungua nyumba yake ya viumbe vya bahari Nouméa, Kaledonia Mpya, mwaka 1956, akayaweka matumbawe hai katika matangi yaliyopitishiwa maji mabichi ya bahari mchana na usiku. Na Jakarta, Lee Chin Eng aliandika mwaka 1961 juu ya njia yake iliyokuwa nyepesi mno hata wengi hawakumsadiki. Hakutumia mtambo wa kuchujia. Alitia mawe yaliyotoka baharini yakiwa bado na uhai wake wote, akaacha jua liingie, na mapovu machache ya hewa yakiyatembeza maji. Mawe yale ndiyo yaliyokuwa chujio. Ndani ya vitundu vyake huishi vijidudu vinavyoigeuza sumu itokanayo na mavi ya samaki na chakula kilichobaki, kwanza kuwa sumu nyingine, kisha kuwa kitu chenye madhara madogo. Anayewahi kuiona birika ya nyumba ya kale ya Lamu, yenye visamaki vilivyowekwa vile mabuu ya mbu, atatambua hekima ya jamaa moja, ingawa maji ya huko ni matamu: kiumbe hutunzwa na kiumbe.

Wajerumani hawakuwa na jua la Jakarta wala bahari ya Nouméa. Ndio maana wao ndio waliolazimika kukijua kila kitu ambacho bahari hutoa bila ya kuulizwa. Katika miaka ya 1970 na 1980 wafugaji wao, wengi wao Berlin, walikusanya mambo manne: mawe hai, taa kali, mkondo wa maji wenye nguvu, na mtambo unaotengeneza povu ili uchafu ugandamane na povu na kutolewa kabla haujaoza. Kanuni yake ni ile ya povu la rangi ya kahawa linaloachwa ufukweni siku za upepo mkali. Na la tano lilikuwa chokaa.

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana jambo hili lina kisa kirefu kwetu kuliko kwao. Tumbawe hujenga mifupa yake kwa kalisi iliyoyeyuka majini. Katika bahari kuna kiasi cha miligramu 410 za kalisi katika kila lita, na haiishi. Ndani ya tangi la lita mia mbili au tatu, matumbawe yakinawiri huila kalisi hiyo siku baada ya siku, mpaka ukuaji wao wenyewe uwe ndio njaa yao. Peter Wilkens, aliyeandika kwa Kijerumani, ndiye aliyeeneza dawa: maji ya chokaa iliyozimwa, yatiwe tone kwa tone, khasa usiku, badala ya maji yaliyoondoka kwa mvuke. Yakitiwa kwa haraka, maji ya tangi hubadilika ghafla na matumbawe hufa. Yakitiwa taratibu, chokaa hugeuka tena kuwa jiwe.

Sasa tazama upande wetu. Kwa karne nyingi mafundi wa pwani hii wamelichukua tumbawe, wakalipanga juu ya tanuu la magogo, wakalichoma mpaka likatoa hewa yake ya ukaa, wakalizima kwa maji, wakapata chokaa ya kupigia lipu. Misikiti na majumba ya Kilwa, Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja yamesimama kwa hiyo. Tumbawe bichi lilikatwa chini ya maji likiwa bado laini, likachongwa mihrabu na nakshi za milango, kisha likakauka na kuwa gumu. Lipu ile ikishapakwa ukutani huinywa tena hewa iliyofukuzwa na moto, ikarudi kuwa jiwe lilelile. Alichofanya Mjerumani ni kuipeleka chokaa upande wa pili wa safari hiyo: badala ya tumbawe kuwa chokaa ya ukuta, chokaa ikawa mfupa wa tumbawe. Sijui kama fundi wa Kilwa na mfugaji wa Berlin wangeelewana kwa lugha, ila kwa chokaa wangeelewana katika dakika moja.

Hata washairi wetu hawakuikosa biashara hii. Marijani ya fedhaluka imesifiwa katika midomo ya wapenzi kwa muda mrefu, nayo ni mifupa ya tumbawe jekundu lililovuliwa katika bahari ya mbali. Tumelipenda tumbawe zaidi likiwa limekufa.

Mwishoni mwa karne iliyopita ufugaji huu ulienea nyumbani kwa watu wa kawaida, khasa Marekani, baada ya kitabu cha Charles Delbeek na Julian Sprung cha mwaka 1994. Wakati huohuo matumbawe magumu yalikuwa yameingizwa katika mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini, maana mengi yalikuwa yakitolewa baharini Indonesia na kwingineko, na mengi yakifa kwa wateja. Sitaki kuitetea biashara hiyo. Mtu anaweza kupima chumvi, joto, kalisi na uchafu kila juma, akafuta mwani unaofunika kioo, akaamka usiku umeme ukikatika, na bado siku moja akalikuta tumbawe limeivua nyama yake na mfupa mweupe umebaki mtupu. Lakini kushindwa huko kulizaa ujuzi. Walijifunza kwamba tawi likivunjwa na kubandikwa juu ya jiwe dogo hukua kuwa tumbawe jipya, wakaanza kupeana vipande badala ya kununua vilivyotoka baharini. Ukataji huohuo wa vipande ndio unaotumika leo kupanda matumbawe penye mwamba ulioharibika, hata karibu nasi, kama pale Mkwiro katika kisiwa cha Wasini.

Na mwamba umeharibika. Mwaka 1998 bahari ya Hindi ilipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe ya Afrika Mashariki yakageuka meupe kwa eneo kubwa, mengi yasifufuke. Joto likizidi kwa nyuzi moja tu juu ya lile la msimu wa joto, likadumu kwa majuma, ubia na mwani huvunjika: mwani hutoka, na tumbawe hubaki na njaa yake. Yaliyotokea ndani ya masanduku ya Yonge kwa kukosa mwanga, na ndani ya matangi ya sebuleni kwa taa iliyochemsha maji, yametokea katika bahari kuu. Yalirudi mwaka 2016, na mwaka 2024 wataalamu walitangaza tukio la nne la dunia nzima, ambalo halikuiacha pwani yetu.

Ndipo kioo kilipopata kazi ambayo Bibi Thynne hakuifikiria. London, mji uleule wa gudulia lake, Jamie Craggs na wenzake wa makumbusho ya Horniman walichapisha mwaka 2017 njia ya kuyafanya matumbawe yazae kwa mpango ndani ya matangi yaliyofungwa. Matumbawe mengi huzaa mara moja kwa mwaka, usiku, kwa kuufuata mwezi. Yote hutoa mbegu na mayai kwa pamoja. Kwa hiyo ilibidi waigeze joto la kila msimu, urefu wa kila mchana, na mwezi wenyewe, kwa taa ndogo inayokua na kupungua kama inavyokua na kupungua mbalamwezi juu ya mwamba.

Florida, miezi ya kiangazi ya mwaka 2023, joto la bahari lilipanda hata watu wakapiga mbizi kuyaokoa matumbawe waliyoyapanda wenyewe, wakayapeleka nchi kavu katika matangi yenye maji yaliyopozwa. Mbio zilikuwa zilezile za Torquay: viumbe vya chokaa vimefungwa visigongane njiani, maji yakitikisika ndani ya chombo, na wasiwasi kama vitafika vikiwa hai. Joto liliposhuka, baadhi yalirudishwa baharini. Mengine yamewekwa matangini yawe mbegu ya akiba, yakilishwa, yakipimiwa maji, pampu zikivuma usiku kucha.