Herufi ya Gando



Aghalabu tukutanapo huzungumza habari za mabweni, mipira na walimu wetu. Leo naomba tuitazame herufi moja tu, nayo ni G, inayoanza jina la Gando, kule kaskazini-magharibi ya Pemba.

Mtoto wa Gando, kama mtoto yeyote wa mwambao, zamani alianza kusoma chuoni kabla ya kwenda skuli. Alishika ubao, akafundishwa kuwa alifu ni kijiti, be ina nukta moja chini, na te mbili juu. Kisha akaingia katika irabu: be kwa fataha ba, kwa kasra bi, kwa dhuma bu. Watoto waliitika kwa pamoja mpaka sauti ikakaa mdomoni. Hawakuishia kwenye jina la herufi.

Lakini herufi zile ziliwekwa kwa ajili ya Kiarabu, na Kiarabu cha Kurani hakina sauti ya g wala ya p. Wazee wetu walipoandika Kiswahili kwa herufi hizo, mara nyingi g waliiandika kwa ghaini, na p kwa be. Tena irabu zenyewe ni tatu, kwa hiyo e iliandikwa kama i, na o kama u. Mgeni aliyeliona jina la Gando angeweza kusoma "Ghandu", na Pemba akaiita "Bimba". Mwenyeji hakupotea, kwani aliijua sauti kabla ya kuiona herufi.

Waajemi walikwisha kuitatua shida kama hiyo: waliongeza mstari juu ya kafu wakapata g, na nukta tatu chini ya be wakapata p. Huko Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, naye alijitahidi kuzirekebisha herufi za Kiarabu zifae sauti za Kiswahili.

Wakati huohuo herufi za Kirumi zilikuwa zikienea. Edward Steere alikwisha kuzitumia katika kitabu chake cha lugha ya Unguja cha mwaka 1870. Idara ya Elimu ya Zanzibar ilianza mwaka 1907, na tarehe 23 Septemba 1964 elimu ikatangazwa kuwa bila ya malipo. Mtoto wa shamba akaimba ga, ge, gi, go, gu.

Hata hivyo, herufi mpya nazo zina mtego wake. Mwalimu akimwambia mtoto kwamba G inaitwa "ji", kama Waingereza wasemavyo, mtoto ataunganisha nini? Atasoma "Jiando"! Hapo ndipo njia ya chuoni inapotufaa: jina la herufi lisitangulie sauti yake.

Vijana mtakaokuwa walimu, likumbukeni hilo. Nasi wazee tuna deni. Majumbani mwetu zimo barua na hati za mashamba zilizoandikwa kwa ghaini na be. Anayeweza kuzisoma sawasawa ni yule anayeyajua majina ya watu na mahali. Tukae na wajukuu tuwasomee, kabla mchwa hawajatutangulia.