Kiyoyozi cha gari: Kutoka gereji za Texas hadi mkutano wa Kigali

Wapenzi wa magari ya zamani wana ugomvi usiokwisha. Wapo wanaosema gari la mwaka 1957 libaki kama lilivyotoka kiwandani, joto lake na yote. Wengine wanasema gari lisiloendesheka jua la mchana litaishia kufunikwa turubai. Historia inawapa haki hawa wa pili kuliko wengi wanavyodhani. Kabla kiyoyozi hakijawa kitu cha kawaida kwenye magari ya Marekani, kilienea kwa mikono ya mafundi waliokifunga kwenye magari yaliyokwisha kuuzwa bila hicho. Anayekifunga leo kwenye gari la babu yake anaendeleza kazi yenye umri mkubwa kuliko gari lenyewe.

Pipa la maji dirishani

Chombo cha kwanza kuwafaa madereva wengi hakikuhitaji gesi wala umeme. Kuanzia miaka ya 1930, wasafiri wa majangwa ya magharibi ya Marekani walikuwa wakibana pipa dogo la bati kwenye dirisha la abiria, na Thermador ni mojawapo ya majina yaliyovuma sana. Ndani yake mlikuwa na nyuzi za mbao zilizolowekwa maji. Gari likitembea, upepo uliingia kwa mbele, ukapita kwenye nyuzi hizo na kutokea ndani ukiwa umepoa. Nyuzi zikianza kukauka, mtu alivuta kamba ili zizame tena kwenye maji.

Ni kanuni ileile inayofanya maji ya mtungi wa udongo yawe baridi: maji yakigeuka mvuke huondoka na joto. Kwa hiyo pipa lilifanya kazi nzuri Arizona na Nevada, kwenye hewa kavu. Houston, karibu na Ghuba ya Mexico, halikuwa na faida, kwa sababu hewa ya huko imekwisha kujaa unyevu. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam hahitaji kuelezwa zaidi, maana anajua jasho lisilokauka likoje. Isitoshe, gari likisimama kwenye foleni, upepo nao ulikoma.

Mkanda wa kuvuliwa kwa mkono

Packard ya Detroit ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuuza gari lenye kiyoyozi cha kweli, kwenye matoleo yake ya mwaka 1940. Kiyoyozi peke yake kilikuwa dola 274. Hata hivyo, hakikufungwa katika kiwanda cha Packard. Gari lililoagizwa nacho lilipelekwa kwanza Cleveland, Ohio, kwa kampuni ya Bishop & Babcock, likafungwa mitambo, ndipo likaendelea na safari ya kumfikia mnunuzi. Sehemu ya kupozea hewa ilikaa ndani ya buti na kula nafasi kubwa ya mizigo, huku mabomba marefu yakiiunganisha na kompresa iliyokuwa mbele.

Kompresa ile haikuwa na klachi. Injini ikizunguka, nayo ilizunguka, dereva akitaka asitake. Msimu wa baridi ulipoingia ilibidi azime gari, afungue boneti na kuutoa mkanda kwa mkono, kisha aurudishe joto lilipoanza tena. Cadillac nayo ilijaribu mwaka 1941, lakini vita vikaingilia kati. Mapema mwaka 1942 utengenezaji wa magari ya raia ulisimamishwa Marekani, na kiyoyozi cha gari kikasimama pamoja nao.

Texas haikusubiri

Vita vilipokwisha, wenye magari wa Texas hawakukaa kuvisubiri viwanda vya Detroit. Dallas na Fort Worth ni miji ambayo joto la kiangazi hupita nyuzi 38 siku nyingi mfululizo, na umbali wa kuendesha ni mrefu. Karakana na viwanda vidogo vya huko vikaanza kuunda viyoyozi vya kufunga kwenye gari lolote. Kampuni ya John E. Mitchell ya Dallas, iliyokuwa ikijulikana kwa mitambo ya kuchambua pamba, ikatoa viyoyozi vya jina la Mark IV. Frigikar nayo ilikuwa ya Dallas, na ARA ilikua katika eneo hilohilo.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Fundi alifunga kishikio cha chuma cha kubeba kompresa, akaipanga puli yake ikae mstari mmoja na puli ya injini, kwa kuwa mkanda ukienda upande hata kidogo hutafunika upesi. Kondensa, inayotoa joto la gesi nje, aliiweka mbele ya rejeta. Akatoboa ukuta wa bati unaotenga injini na abiria, akapitisha mipira miwili: mwembamba wa gesi iliyogeuka kimiminika, na mnene wa gesi inayorudi kwenye kompresa. Chini ya dashibodi alining'iniza sanduku lenye ivaporeta (sehemu ya kupozea hewa), feni na matundu ya kuelekeza hewa, pamoja na kijimpira cha kumwaga maji nje. Mwisho alivuta hewa na unyevu wote kwa pampu, akajaza gesi. Klachi ya sumaku ikaondoa kero ya Packard: swichi moja tu, na kompresa inapumzika huku injini ikiendelea.

Viwanda vikubwa vilirudi uwanjani mwaka 1953. Chrysler ilileta mfumo wake wa Airtemp, na General Motors ikaleta wa Frigidaire, lakini mitambo bado ilijazana kwenye buti. Kwenye magari ya General Motors, hewa baridi ilipanda hadi darini kwa mabomba ya plastiki angavu yaliyoonekana kupitia kioo cha nyuma. Mwaka 1954, Nash, kampuni iliyokuwa imeungana na watengenezaji wa friji za Kelvinator, ikaweka kila kitu mbele, baina ya boneti na dashibodi, kwa dola 345. Mpangilio huo ndio tulio nao hadi leo.

Pamoja na hayo, sanduku la kuning'inia halikufa. Lilikuwa rahisi, na liliweza kufungwa kwenye gari ambalo mwenyewe alikuwa nalo tayari. Ford yenyewe ililitumia kwenye Mustang za 1965 na 1966. Mawakala wa Volkswagen nchini Marekani waliwafungia wateja viyoyozi kwenye Beetle, gari lenye injini ndogo ya nyuma isiyo na rejeta, wakaitafutia kondensa nafasi chini ya gari. Mwaka 1968 American Motors ilikifanya kiyoyozi kuwa sehemu ya kila gari la Ambassador bila kuongeza gharama ya ziada, na mwaka 1969 zaidi ya nusu ya magari mapya yaliyouzwa Marekani yalikuwa nacho.

Kazi ya Mitchell ilifika mbali kuliko magari. Omar Knedlik, mwenye mgahawa huko Coffeyville, Kansas, alitumia kiyoyozi cha gari kuunda mashine ya soda ya barafu iliyosagika. Mitchell ndiyo iliyokuja kuzitengeneza mashine hizo, na kinywaji hicho kikaitwa ICEE. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Sankyo ya Japani, iliyowahi kutengeneza taa za baiskeli, ilichukua kwa leseni teknolojia ya kompresa kutoka kwa Mitchell. Leo tunaijua kwa jina la Sanden. Kompresa yake ndogo ya silinda tano ilizunguka kwa ulaini kuliko zile za kampuni ya York za silinda mbili zilizotikisa injini ikizunguka polepole, na hadi sasa ukoo huo wa kompresa ndio unaotawala seti za kufunga kwenye magari ya zamani.

Gesi iliyopendwa, kisha ikakataliwa

Viyoyozi vingi vya magari vya enzi hizo vilitumia gesi ya R-12, maarufu kama Freon. Friji za awali zilitumia gesi zenye sumu, kama amonia na salfa dayoksaidi. Mwaka 1930 mkemia Thomas Midgley aliivuta R-12 mapafuni mbele ya wanakemia wenzake, kisha akaitoa kwa pumzi na kuzima mshumaa, kuonyesha kwamba haiui wala haiwaki. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland wa Chuo Kikuu cha California wakaonya kwamba gesi za jamii hiyo hupanda hadi juu sana angani, na klorini yake hula tabaka la ozoni linalotukinga na mionzi mikali ya jua.

Itifaki ya Montreal ya kudhibiti gesi hizo ilitiwa saini Septemba 16, 1987, baada ya mazungumzo yaliyosukumwa na Mostafa Tolba wa Misri, mkuu wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi. Nchi tajiri ziliacha kutengeneza R-12 kwa matumizi yake ya kawaida ifikapo 1996, nyingine zikafuata kufikia 2010. Nafasi yake kwenye magari ikachukuliwa na R-134a, isiyo na klorini.

Mabadiliko hayo yaliwagusa moja kwa moja wenye magari ya zamani. R-134a haichanganyiki na oili ya madini ya mifumo ya kale, na molekuli zake ndogo hupenya kwenye mipira ya enzi ile. Hufanya kazi kwa mgandamizo mkubwa zaidi, kwa hiyo kondensa ya zamani huzidiwa siku za joto. Kubadili gesi peke yake huleta baridi hafifu na uvujaji. Ndipo seti mpya zilipopata soko. Kampuni kama Vintage Air, iliyoanzishwa na Jack Chisenhall huko San Antonio, Texas, mwaka 1976, ziliunda visanduku vidogo vinavyojificha nyuma ya dashibodi, pamoja na kondensa za mirija bapa na mipira isiyopenyeka.

Namna ya kuifanya kwa heshima

Baridi si ya kompresa peke yake. Gari la volti 6 lazima kwanza lihamie volti 12. Dinamo hutoa umeme kidogo injini ikizunguka polepole, kwa hiyo alternata inahitajika. Kondensa hupeleka joto lake kwenye rejeta, na rejeta iliyochoka itachemsha injini kwenye foleni. Sakafu, dari na ukuta wa injini vinahitaji kuwekewa vizuizi vya joto, la sivyo kiyoyozi kitabaki kupambana na jua lote linaloingia kupitia bati.

Heshima kwa gari hupimwa kwa jambo moja: je, kilichoongezwa kinaweza kuondolewa bila kuacha kovu? Fundi mwerevu hutumia matundu ya bolti yaliyopo, huficha mipira, haharibu dashibodi, na humkabidhi mwenye gari kila kipande alichokitoa, kikiwa kimefungwa na kuandikwa.

Na heshima kwa gesi hupimwa kwa mashine ya kuinyonya kabla ya kufungua mfumo. Gesi ya R-134a, inayotumika pia kwenye magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam, haigusi ozoni, lakini kilo yake moja hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,300 ya kilo moja ya kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100. Ndiyo sababu Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, na kukubaliana kupunguza matumizi ya gesi za jamii hiyo hatua kwa hatua. Gereji inayoiachia gesi hewani, iwe San Antonio au Gerezani jijini Dar es Salaam, inarudia kosa ambalo dunia ilikwisha kulilipia gharama kubwa. Gari la zamani linastahili kuendeshwa, na dereva wake anastahili hewa baridi. Fundi anayejua kuinyonya gesi na kuirudisha bila kuipoteza ndiye anayevifanya vyote viwili viwezekane bila kuwatwisha wengine joto hilo.