Mazuku, Rangi na Amri: Lugha ya Tahadhari katika Historia ya Volkano mjini Goma

Historia ya Nyiragongo kwa kawaida huandikwa kwa kufuata miaka ya milipuko: 1977, 2002, 2021. Makala haya yanaifuata kwa njia nyingine, yaani kwa kuuliza wakazi wa Goma walionywa na nani, kwa maneno gani, na kama maneno hayo yaliaminika. Mlima huo una urefu wa mita 3,470 nao umesimama kaskazini mwa mji. Hakuna mkazi asiyeuona wekundu wake usiku. Kwa hiyo tatizo la tahadhari mjini Goma halikuwa kamwe watu kutojua kwamba wanaishi chini ya moto.

Onyo la zamani na lililo imara kuliko yote halikutoka ofisini. Wakazi wa upande wa magharibi, kuelekea Mugunga na Bulengo, hulitumia neno mazuku kutaja mahali pa bondeni ambapo hewa ya kaboni dioksidi, itokayo ardhini na iliyo nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Mbuzi hufa humo. Mtoto anayeinama aweza kufa, ilhali mtu mzima aliyesimama kando yake asihisi kitu. Wanasayansi wa volkano wamelichukua neno hilo lilivyo, nao huliandika katika maandishi yao ya Kiingereza na Kifaransa. Msomaji wa pwani atalikumbuka neno mzuka, lakini kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi wa nasaba. La maana zaidi ni kwamba neno hili limebeba maelekezo yote: likishatajwa mahali fulani, mtu hujua asilale hapo, asichunge hapo, wala asimtume mtoto hapo.

Tarehe 10 Januari 1977 hapakuwa na neno la namna hiyo. Ziwa la lava lililokuwa kileleni, ambalo Haroun Tazieff alilichunguza tangu 1948, lilipasua mbavu za mlima na kumwagika kwa muda usiofika saa moja. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi mno. Kwenye miteremko ya juu mwendo wake ulikadiriwa kufikia kilomita 60 kwa saa, na vijiji vya njiani havikupata nafasi. Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, kijulikanacho kwa kifupi cha OVG, kilianzishwa baadaye, mwaka 1986.

Mwaka 2002 onyo lilikuwapo, ila halikuwa na pa kufikia. Mtafiti wa kituo hicho, Dieudonné Wafula, akiwa na vyombo vichache katika mji uliokuwa chini ya waasi wa RCD, alitambua dalili na kuzitangaza siku zilizotangulia. Hapakuwa na serikali ya kulipokea neno lake na kuligeuza kuwa amri. Asubuhi ya tarehe 17 Januari ardhi ilipasuka, na lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani, ikiteketeza takribani asilimia 13 ya mji, pamoja na kanisa kuu la Wakatoliki na sehemu ya njia ya kurukia ndege. Mamia ya maelfu walivuka mpaka kwenda Gisenyi. Kilichowashangaza wageni ni kwamba wengi wao walirudi baada ya siku mbili tatu, wakipita juu ya mawe yaliyokuwa bado ya moto, huku mashirika yakiwaandalia kambi nchini Rwanda. Haikuwa ujinga. Mwaka 1994 watu wa Goma walikuwa wameona kwa macho yao jinsi kipindupindu kilivyoua makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda, katika ardhi ya mawe isiyochimbika kaburi. Walijua kambi ni nini. Bei ya kurudi ilikuwapo pia: tarehe 21 Januari kituo cha mafuta kililipuka na kuua makumi ya watu.

Baada ya hapo zikaletwa rangi. Mfumo wa ngazi nne, kijani, manjano, chungwa na nyekundu, uliwekwa ili mkazi ajue hali ya mlima bila kusoma taarifa ya kitaalamu, ambayo huandikwa kwa Kifaransa. Wazo lilikuwa zuri. Hata hivyo rangi, tofauti na mazuku, hukaa mikononi mwa anayeibadilisha. Naye huhitaji mitambo, intaneti na mishahara. Mradi wa Benki ya Dunia uliokisaidia kituo ulikwisha mwaka 2020. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 lava ilishuka hadi Buhene, karibu na uwanja wa ndege, bila onyo lolote kutangulia. Watu wapatao 30 walikufa. Ni haki kuongeza kwamba uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa dalili za wazi zilitokea chini ya saa moja kabla ya mlipuko. Hata kituo chenye kila chombo kingekuwa na muda mfupi sana.

Siku tano baadaye hali iligeuka: onyo lilikuja kubwa kuliko tukio. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ihamwe, kwa kuwa lava ilidhaniwa kusogea chini ya mji na ziwa. Ziwa Kivu lina kaboni dioksidi na methani nyingi, na walioamua walikumbuka Ziwa Nyos la Kamerun, lililoua watu wapatao 1,700 mwaka 1986. Karibu watu 400,000 waliondoka, wengi kwa miguu kuelekea Sake. Mlipuko wa pili haukutokea, na mwezi Juni waliruhusiwa kurudi. Amri ilikuwa na msingi, lakini ilimkuta mtu aliyenyimwa onyo wiki ileile, naye akapaswa kuchagua kumwamini nani.

Katika miaka iliyofuata, vita vya M23 viliwaleta maelfu ya wakimbizi wa Masisi na Rutshuru kwenye kambi za Bulengo na pembezoni mwa mji, wakijenga vibanda vya maturubai katika nchi ileile ya mabonde yenye hewa nzito. Walitoka mahali ambapo bonde ni kinga dhidi ya baridi na risasi. Neno mazuku iliwabidi wajifunze kwa jirani.