Safu ya Lugha: Kujaribu si kuthibitisha

Waandishi wa programu siku hizi hawaishi kusema "nimethibitisha funksheni yangu," kumbe wameijaribu tu. Maneno yote mawili asili yake ni Kiarabu: jaribu limetokana na jarraba, thibiti na thabata, yaani kusimama imara. Anayejaribu hutazama mifano kadhaa. Anayethibitisha hatakiwi kubakiza hata mmoja.

Chukua lugha ya programu ya Haskell. Funksheni ya reverse hugeuza orodha: [1,2,3] huwa [3,2,1]. Ukiupima mfano huo ukakubali, umefanya jaribio moja. Koen Claessen na John Hughes walitoa zana ya majaribio, QuickCheck: wewe unataja sifa, tuseme orodha ikigeuzwa mara mbili hurudi ilivyokuwa, nayo kwa kawaida huizulia orodha 100 za kubahatisha. Zikipita zote, bado ni majaribio. Tena hata funksheni isiyogeuza chochote ingeipita sifa hiyo! Uthibitisho hudai hoja inayoshika orodha zote, tupu kwa ndefu. Kwa hiyo semeni "nimeijaribu, imepita." Na neno mtihani waachieni wanafunzi: hutahiniwa mtu, programu hujaribiwa.