Upupu hauna mwenyewe

Ukitaja upupu Kenya, watu wanaanza kujikuna. Lakini mbegu zake zina levodopa, dawa ile ile ya Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka ambao daktari James Parkinson aliueleza London mwaka 1817.

Ilichukua miaka 150 hadi George Cotzias, kule Marekani, alipoonyesha mwaka 1967 kwamba dopa ya kumeza kwa dozi kubwa inamrudishia mgonjwa mwendo. Tangu 2000, wakfu wa mwigizaji Michael J. Fox, mgonjwa mwenyewe, umetoa zaidi ya dola bilioni 1 kutafuta tiba mpya. Ni sawa kabisa. Mimi nauliza hii ya zamani, ambayo wagonjwa wengi Afrika bado hawaipati.

Mwaka 2017 ilichapishwa ripoti ya jaribio kutoka Bolivia: unga wa mbegu za upupu zilizokaangwa ulifanya kazi kama tembe. Wagonjwa walikuwa 18 tu. Usikimbilie kuzila, dozi moja si ushahidi wa miaka. Ila kampuni gani italipia jaribio kubwa la kitu ambacho jirani anaweza kukipanda? Hapo ndipo pesa za umma zinahitajika.