Mche, Mmea, Furushi: Historia ya Kuhesabu Bangi yenye Leseni na Swali la Istilahi

Utangulizi

Tangu Lesotho ilipotoa leseni za kwanza za kilimo cha bangi ya tiba mwaka 2017, nchi kadhaa za Afrika zimefuata mkondo huo: Zimbabwe mwaka 2018, Malawi mwaka 2020, na Rwanda kwa amri ya Waziri wa Afya ya Juni 2021. Mijadala ya kitaaluma imeelemea zaidi upande wa maadili, afya na mapato ya fedha za kigeni. Makala hii inashughulikia jambo lenye sura ya kikarani: namna dola inavyomtaka mwenye leseni ahesabu alichonacho ghalani, akiandike, na aeleze kila gramu iliyopungua. Hoja yangu ni kwamba kanuni za aina hii, kabla ya kuwa suala la kompyuta, ni suala la majina. Kinachoweza kuhesabiwa ni kile kilichokwisha kupewa jina na mpaka, na mtu hawezi kuitii kanuni inayomtaka aandike kitu asichokuwa na neno lake.

Mizani ya Bengal

Katika karne ya 19, serikali ya Kiingereza nchini India haikuipiga marufuku bangi kwa ujumla, iliitoza ushuru. Ili kutoza, ilibidi itofautishe. Ilikuta tayari majina matatu ya wenyeji: bhang kwa majani, ganja kwa maua ya mmea wa kike, na charas kwa utomvu. Katika jimbo la Bengal, kilimo cha ganja kilibanwa katika eneo dogo la Naogaon, wilaya ya Rajshahi, ambalo leo limo Bangladesh. Mkulima alilima kwa leseni, mavuno yalipimwa, na mzigo haukuondoka bila hati. Tume iliyoundwa mwaka 1893 kuchunguza dawa zitokanazo na mmea huu ilisikiliza mashahidi 1,193, na katika ripoti yake ya mwaka 1894 haikupendekeza marufuku, bali leseni, ushuru na udhibiti wa maeneo ya kilimo.

Kwa mtafiti wa lugha, lenye kuvutia zaidi ni kwamba ganja yenyewe iligawanywa tena mara tatu: ya bapa, ya mviringo, na chur, yaani iliyopukuchuliwa. Kila moja ilikuwa na kiwango chake cha ushuru. Sababu ilikuwa ya kimizani. Ganja ya bapa ilibeba vijiti vingi, ya mviringo vichache, na chur karibu haikuwa navyo. Uzito ulioonekana sawa kwenye mizani haukuwa dawa sawa. Kama daftari lingekuwa na jina moja tu, mfanyabiashara angetoa vijiti kwanza, kisha alipie ushuru mdogo kwa dawa nyingi. Jina la tatu liliziba mwanya ambao askari wa forodha asingeweza kuuziba.

Neno letu bangi ni la ukoo huohuo wa bhang, na lilitufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi. Hata hivyo, mgawanyo ule wa kiushuru haukusafiri nalo. Kwa msemaji wa Kiswahili, bangi ni mmea uliosimama shambani, ni jani, ni ua, ni msokoto, na ni kosa linalosomwa mahakamani. Uenevu huo wa maana haumsumbui mtu barabarani. Karani wa ghala ndiye unayemkwaza.

Kutoka mikataba hadi vitambulisho

Mkataba wa Geneva wa mwaka 1925 uliuingiza mmea huu katika udhibiti wa kimataifa. Mkataba Mmoja wa Dawa za Kulevya wa mwaka 1961 ulikwenda mbali zaidi, na ulianza kwa fasili. Unatenga mambo matatu: mmea, vilele vyenye maua au matunda ambavyo utomvu wake haujatolewa, na utomvu wenyewe. Mbegu na majani yasiyoambatana na vilele hayamo katika fasili ya pili. Juu ya fasili hizo ndipo wajibu ulipojengwa. Nchi inayoruhusu kilimo sharti iwe na wakala wa serikali, ioneshe maeneo, itoe leseni, na wakala huyo anunue na kuyachukua mavuno kabla ya kupita miezi minne tangu uvunaji ulipomalizika. Kila shehena inayovuka mpaka inahitaji cheti cha nchi inayoagiza na kibali cha nchi inayosafirisha. Kilimo cha nyuzi na mbegu kwa viwanda kimeachwa nje.

Mfumo wa kufuatilia kila mmea tangu uchanga hadi dukani ulikomaa katika jimbo la Colorado, Marekani. Wapiga kura waliruhusu bangi ya tiba mwaka 2000, na sheria ya mwaka 2010 ikaleta leseni na ahadi ya ufuatiliaji kamili. Machi 2013 mkaguzi wa hesabu wa jimbo alieleza kwamba mfumo huo ulikuwa bado haujakamilika. Agosti ya mwaka huohuo, Naibu Mwanasheria Mkuu wa Marekani, James Cole, alitoa waraka ulioyaorodhesha mambo manane ambayo serikali kuu isingeyavumilia, mojawapo likiwa uchepushaji wa bangi kwenda majimbo ambako haijaruhusiwa. Kwa hiyo daftari la Colorado liliandikwa kwa ajili ya msomaji aliyeko mji mkuu wa nchi. Maduka ya watu wazima yalipofunguliwa tarehe 1 Januari 2014, kila mwenye leseni alitakiwa kutumia mfumo wa Metrc, wenye vitambulisho vinavyosomwa kwa mawimbi ya redio. Waraka wa Cole ulifutwa Januari 2018, vitambulisho vilibaki.

Hapa tena fasili ilitangulia teknolojia. Kanuni za Colorado ziliita mche ule usiotoa maua, uliomo chomboni, usiozidi inchi 8 kwa kimo wala kwa upana, yaani sentimita 20 hivi. Miche ilihesabiwa kwa mafungu. Ukizidi kipimo hicho, umekuwa mmea, na mmea sharti uwe na kitambulisho chake peke yake, kilichouzwa kwa senti 45 za dola. Cha furushi kiliuzwa kwa senti 25, mbali na ada ya dola 40 kwa mwezi. Mche unaoongezeka kidole kimoja usiku hubadilika hadhi kisheria kabla mkulima hajaamka. Kwa shamba kubwa lenye maofisa wa kazi hiyo, ni utaratibu tu. Kwa mwenye shamba dogo, ni mtu mmoja wa kuajiriwa zaidi.

Wakati wa kuvuna, uzito mbichi wa kila mmea huandikwa. Maua yakikauka hupoteza takribani robo tatu ya uzito huo au zaidi, na tofauti hiyo lazima ionekane kwenye kumbukumbu, pamoja na mabaki yaliyotupwa. Maji yaliyopaa hewani yamekuwa hesabu. Anayechelewa kupima, mmea ukashinda juani umekatwa, ameandika uzito wa kweli usiolingana na wa wenzake, na mkaguzi anayetazama namba pekee hawezi kutofautisha jua na mwizi.

Jimbo la Washington linatoa funzo la aina nyingine. Mkataba wa mfumo wake wa kwanza ulipokwisha Oktoba 2017, mfumo wa pili ulikuwa haujawa tayari, na wenye leseni walitumia majedwali ya kawaida kwa miezi kadhaa. Mfumo mpya, Leaf Data, ulianza Februari 2018. Siku chache baadaye ilibainika kwamba mtu asiyeidhinishwa alikuwa amechukua nakala ya data, zikiwamo njia za magari yaliyobeba bidhaa. Mnamo Desemba 2021 jimbo liliuacha na kuwataka wenye leseni wapeleke taarifa kwa mafaili wanayoyaandaa wenyewe. Nionavyo mimi, washauri wa sera wanaovutiwa na mitambo ya bei ghali wangeanza kuisoma historia hii kwa kurudi nyuma, kutoka mwisho wake.

Upungufu na upotevu

Amri ya Rwanda ilichapishwa katika Gazeti Rasmi kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hiyo tangu mwaka 2017. Nchini Uganda, Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022; mwaka uliofuata Mahakama ya Katiba ilibatilisha sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi, na Bunge likalazimika kuipitisha upya. Sheria hizi huandikwa bila Kiswahili, ilhali mzani katika ukanda wetu mara nyingi hushikwa na mtu ambaye Kiswahili ndicho kinachomuunganisha na dereva, mlinzi na mnunuzi wa nchi ya pili. Urumogi wa Kinyarwanda na enjaga ya Luganda zina uenevu uleule wa bangi, hivyo kukopa kutoka huko hakutusaidii.

Napendekeza mche kwa ulio chini ya kipimo, mmea kwa wenye kitambulisho, vuno kwa mkusanyiko wa mimea iliyokatwa pamoja, furushi kwa kilichofungwa na kuwekewa namba, na shehena kwa kinachosafirishwa. Mche una tatizo: kwa wakulima wengi ni uliotokana na mbegu, ilhali mashamba haya hutumia sana vipandikizi. Fomu inayouliza idadi ya miche pekee itajibiwa kwa uaminifu, na jibu litakuwa pungufu.

Gumu kuliko yote ni neno moja la Kiingereza ambalo katika kanuni hufunika kukauka, kumwagika na kuibiwa kwa pamoja. Wafasiri hulitoa ama kwa upungufu ama kwa upotevu, kana kwamba ni visawe. Si visawe. Kilichopungua kinaweza kuwa bado kipo, kimekauka tu. Kilichopotea kina aliyekipoteza, na karani anayesaini chini ya safu yenye kichwa “upotevu” amejiandikia mashtaka kwa maji yaliyokauka. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ingefaa ianze na maneno hayo mawili, na iyajaribu mbele ya wapima mizani wenyewe kabla fomu ya kwanza haijachapishwa.