Wali na Mboga: Jina Lililoitangulia Nafaka

Pilau ina siku yake, na biriani ina shughuli yake. Wali wa nazi uliotiwa mboga hauna siku wala shughuli. Hupikwa Jumatatu kama upikwavyo Alhamisi, katika chungu kimoja, kwa ajili ya watu wa nyumba. Huenda ndiyo sababu wanaosimulia historia ya mapishi ya Pwani huupita bila ya kuutolea salamu. Huanza na pilau, jina lililotoka Uajemi na kupitia Bara Hindi. Hufuatisha biriani, jina jengine la Kiajemi. Kisha huhitimisha kwamba sinia ya Mswahili yote imeletwa na pepo za kaskazi. Hitimisho hilo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili imo ndani ya neno lenyewe, wali.

Mswahili ana majina matatu pale ambapo lugha nyingi zinatosheka na moja. Mmea shambani na punje ndani ya ganda lake ni mpunga. Punje iliyotwangwa na kupepetwa ni mchele. Chakula kilichokwisha kuiva ni wali. Hakuna hata moja kati ya hayo lenye sura ya Kiarabu wala ya Kiajemi. Lakini la tatu ndilo lenye kisa. Wagiriama na Wadigo, jirani wa Waswahili wa Mombasa, wanalo neno wari, na maana yake kwao si mchele uliopikwa bali ni ugali. Wabemba wa Zambia huuita ugali wao ubwali. Wasemao Kiswahili cha Lubumbashi husema bukari. Shina ni moja. Katika kinywa cha Mswahili sauti ya g ilianguka, kama ilivyoanguka katika kitenzi ambacho Waganda wanakitamka kugenda na Waswahili kwenda. Ugali limebaki na g yake, wali limeipoteza. Hao ni ndugu wawili waliolelewa nyumba mbalimbali.

Basi wali halikuwa jina la mchele tangu mwanzo. Lilikuwa jina la chakula kikuu cha nafaka, kile kinachoshibisha na kusubiri kitoweo. Waliolitumia kwanza walikuwa wakila mtama, uwele na wimbi. Mchele ulipokuja kutoka Asia na kushika nafasi ya nafaka hizo, haukuja na jina lake la mezani. Ulivishwa jina la mwenyeji.

Lugha peke yake haitaji mwaka. Mwaka unatajwa na udongo wa Pemba. Huko kaskazini ya kisiwa, wanaakiolojia walichimba katika mahame ya Tumbe, mji uliokaliwa baina ya karne ya 7 na ya 10, na ya Chwaka, uliofuatia tangu karne ya 11. Udongo wa majiko na majaa ulitiwa ndani ya maji, punje zilizoungua zikaelea, zikakusanywa na kuhesabiwa. Kazi isiyo mbali na ya mpishi aoshaye mchele, ila mpishi huyamwaga yale yanayoelea. Sarah Walshaw, aliyechapisha uchunguzi wa punje hizo mwaka 2010, alikuta kwamba watu wa Tumbe walitegemea zaidi uwele, na mchele ulikuwepo kwa uchache. Chwaka mizani ikapinduka: mchele ukawa ndio nafaka kuu. Mabadiliko hayo yalikwenda sambamba na kukua kwa miji na kuenea kwa Uislamu, zama ambazo kumkirimu mgeni na kulisha hadhara kulikuwa sehemu ya heshima ya mji.

Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, ukarimu huo ulikuwa umekwisha kukamilika. Alipewa wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika chombo kikubwa cha mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni paliwekwa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, ndimu za achari, tangawizi mbichi na maembe. Atakayeiondoa samli na kuweka tui hatakuwa mbali na chakula cha mchana cha visiwani. Mboga zilikuwamo tangu hapo. Neno mboga nalo ni la kale na lina upana wake: katika sehemu nyingi za bara ya Tanzania, mboga ni chochote kiliwacho na ugali, hata kikiwa samaki au nyama. Visiwani neno limebanwa likabakia kwa mazao ya bustani, na nyama na samaki wakaingia katika kitoweo.

Ndani ya chungu zama zote hizo hukutana. Nazi hukunwa kwa mbuzi, ikakamuliwa katika kifumbu. Tui zito likawekwa kando, na tui la pili likabandikwa motoni pamoja na chumvi, kitunguu, iliki mbili tatu na kijiti cha mdalasini. Mboga ngumu hutangulia: karoti, njegere, vipande vya biringani. Tui likichemka, mchele uliooshwa hutiwa. Maji yakikaribia kukauka, humiminiwa tui zito, mwiko ukapita mara moja tu ili punje zisivunjike, chungu kikafunikwa na kupaliwa makaa juu ya kifuniko. Mchicha au kisamvu hupikwa mbali. Biringani lina jina la Kiarabu, karoti la Kiingereza. Kisamvu ni jani la muhogo, mmea uliovuka bahari kutoka Amerika ya Kusini. Wageni wengi wameachiwa majina yao, lakini si mchele. Huo ulipewa jina la jikoni.

Kwa karne nyingi Pemba ilikuwa ghala ya mchele, na Mombasa ya zama za Wareno iliutegemea kwa chakula. Katika karne ya 19 mikarafuu ilitwaa vilima, kazi na fikra, na Zanzibar iliyokuwa ikilisha wengine ikawa inalishwa. Uchumi wa zao moja una bei yake, na bei hiyo hulipwa jikoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mchele ulipoadimika na watu kupanga foleni za mgao, ni muhogo na ndizi zilizozisitiri nyumba nyingi. Wazee waliozipitia siku hizo hawaachi punje kuanguka chini.

Hata leo sehemu kubwa ya mchele wa visiwani hutoka nje, ndani ya magunia yenye chapa na majina ya nchi za mbali. Umekwisha kukobolewa, kinu na uteo havina kazi nao, na mtoto wa mjini huenda asijue chuya wala wishwa ni nini. Maneno hayo yanaondoka pamoja na kazi zake, na si vyema kuyaacha yaende bila ya kuandikwa. Lakini gunia hushuka bandarini likiwa na mchele tu. Wali haujapata kushushwa na chombo chochote, cha zamani wala cha sasa. Huo ulikuwapo jikoni, katika jina, kabla ya nafaka yake kuwasili, na kila siku makaa yanapoondolewa juu ya kifuniko ndipo unapopatikana tena.